Istilahi za Upasuaji wa Miamba na Mamlaka ya Wakazi wa Mji

Mfasiri wa habari za nishati hukutana na mitambo na kemikali nyingi, lakini taabu yake kubwa haiko huko. Iko katika maneno yanayoeleza ni nani mwenye mamlaka ya kukataza, ni nani anayeombwa maoni tu, na ni nani asiyesikilizwa. Katika makala haya tunakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo kwa kutumia mfano mmoja, yaani mgogoro wa gesi katika Denton, mji wenye vyuo vikuu viwili ulio kaskazini ya Dallas na Fort Worth, jimboni Texas, Marekani.

1. Kazi yenyewe. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo katika mawe ya mchanga yenye vinyweleo, nayo hupita humo kwa urahisi. Gesi ya Denton imo katika mwamba wa tope lililogandamana, ambao hauipitishi. Kwa hiyo, baada ya kisima kuchimbwa, maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa chini kwa kani kubwa hadi mwamba upasuke. Mchanga hubaki katika nyufa ili zisijifunge. Tunapendekeza kazi hii iitwe "upasuaji wa miamba kwa kani ya maji". Neno "upasuaji" likiachwa peke yake humpeleka msomaji hospitalini. Mwamba wenyewe tuuite "mwamba-tope". Kuutohoa kuwa "sheli" hakufai, maana kwa watu wetu sheli ni kituo cha kuuzia mafuta ya magari.

Ni lazima pia kutenganisha "kuchimba" na "kupasua". Wapiga kura wa Denton walikataza kupasua. Hawakukataza kila aina ya uchimbaji. Mfasiri akiandika kwamba mji ulipiga marufuku uchimbaji wa gesi, atakuwa ameikuza sheria kupita kiasi chake.

2. Mwenye ardhi. Nchini Tanzania madini, mafuta na gesi vilivyo ardhini ni mali ya Jamhuri. Huko Texas haki ya juu ya ardhi yaweza kutengwa na haki ya kilichomo chini, na mtu binafsi akaimiliki hiyo ya chini. Hivyo mkazi aweza kuwa na nyumba na uwanja wake kwa hati halali, na mwingine akawa na haki ya kuitoa gesi iliyo chini ya uwanja huo. Tuseme basi "mwenye haki ya juu" na "mwenye haki ya chini". Neno "mwenye ardhi" pekee huficha chanzo chenyewe cha ugomvi.

3. Ombi na hoja. Mwaka 2014 wakazi wa Denton walikusanya saini kutaka upasuaji ukatazwe ndani ya mipaka ya mji. Magazeti yetu yangeiita karatasi yao "ombi". Lakini ombi hukubaliwa au hukataliwa kwa hiari ya anayeombwa. Kwa kanuni za mji ule, saini zikitimia idadi iliyowekwa, baraza la madiwani halina budi kuipitisha sheria inayotakiwa au kuipeleka kwa wapiga kura. Tunaona neno "hoja ya wananchi" lafaa zaidi, kwani hoja hudai jibu.

4. Kushiriki na kushirikishwa. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja, ilhali sarufi yenyewe yayatenga. Anayeshiriki hutenda, anayeshirikishwa hutendewa, na aliyemshirikisha aweza kumwacha kesho. Mwezi Julai 2014 wakazi walizungumza mbele ya baraza hadi usiku wa manane, kisha madiwani wakakataa kuipitisha hoja wao wenyewe. Hapo wananchi walisikilizwa. Tarehe 4 Novemba 2014 walipiga kura, na takriban asilimia 59 wakaunga mkono katazo. Hapo waliamua. Tunashauri ngazi hizi zitofautishwe: kuarifiwa, kusikilizwa, kushirikishwa, kushiriki, kuamua. Waraka wa ofisi usemao "wananchi walishirikishwa" ueleze ni ngazi ipi iliyofikiwa.

5. Sheria ndogo na sheria kuu. Katazo la Denton lilikuwa sheria ndogo, istilahi inayojulikana vema na watumishi wa halmashauri zetu. Mwezi Mei 2015 Gavana wa Texas alitia saini sheria ya jimbo iliyoziondolea serikali za miji mamlaka juu ya shughuli za mafuta na gesi, ikaziachia mambo ya juu ya ardhi kama vile kelele, taa, magari na umbali kutoka kwenye nyumba. Mwezi Juni 2015 baraza la Denton lililifuta katazo. Tendo la sheria ya jimbo tuliite "kutwaa mamlaka". Kufuta ni tendo la baraza lenyewe.

Hata katika hayo yaliyoachwa, masharti ya mji sharti yawe "ya busara kibiashara". Mfasiri akiandika "ya busara" tu, msomaji atadhani ni busara ya watu wote. Sheria inapima kwa mchimbaji mwangalifu: je, ataweza kuitoa gesi kwa ukamilifu na kwa namna ya kiuchumi? Neno "kibiashara" ndilo linaloonyesha kipimo ni cha nani, na kuliacha ni kubadili sheria.

Ni dhahiri, basi, kwamba istilahi za utawala hazina budi kupimwa kwa swali moja: je, msomaji atajua ni nani anayeweza kufanya nini? Mwananchi anayedhani ana haki ya kuamua, kumbe ana haki ya kusikilizwa tu, amenyimwa jambo kubwa na mfasiri wake. Tunawaalika walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao pamoja na maneno bora zaidi waliyo nayo.