Je, Wajua? Seli ya Saratani ya Matiti Inavyohama

Je, wajua kwamba uvimbe unaobaki ndani ya titi sio unaoua? Mtu huishi bila titi. Kinachoua ni seli zilizotoka humo zikaweka makazi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Je, wajua kwamba seli njema ya titi ikibanduka ilipo, hujiua yenyewe? Imeshikana na jirani zake kwa protini iitwayo E-kadherini. Seli ya saratani huachia mshiko huo, na isife. Saratani ya aina ya lobula huipoteza protini hii karibu kila mara, na chini ya hadubini utaona seli zake zimefuatana sanjari, moja nyuma ya mwenziwe. Ndiyo maana mara nyingi hukuti donge la kupapasa.

Mwaka 1889, daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Ini lilikuwa limevamiwa mara nyingi, wengu mara chache. Hoja yake: mbegu hupeperuka kote, lakini huota penye udongo wake tu.

Je, wajua kwamba mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alitangaza kuwa alimwondolea mgonjwa wa saratani ya matiti ovari na uvimbe ukasinyaa? Estrojeni ilikuwa bado haijagunduliwa!

Leo tunajua sababu: ovari hutoa estrojeni, nayo huchochea uvimbe wenye vipokezi vyake kukua. Takriban saratani 7 kati ya 10 zina vipokezi vya estrojeni, na hizo hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni. Nyingine zimejaa protini iitwayo HER2. Dawa yake, trastuzumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998.

Je, wajua kwamba kuchelewa kwa kikopo tu cha kuhifadhia kinyama chaweza kuharibu matibabu? Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja. Kikicheleweshwa, vipokezi huharibika, majibu yakasema havipo kumbe vipo, na mgonjwa akanyimwa kidonge cha bei nafuu kilichomfaa. Kwangu mimi, huu ni uzembe usio na udhuru.

Seli nyingine hulala miaka 10, hata 20, kabla ya kuamka. Zikiamkia kwenye mfupa, huenda vipokezi vimebadilika; kinyama kipya huhitajika.

Basi mama, dada, nawe kaka (wanaume hupata pia, ingawa wachache), ukipewa majibu ya kinyama usiondoke kabla ya kuuliza: vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na HER2, vipo au havipo?