Udukuzi wa kisiasa: Ugomvi wa wakubwa unavyoweza kukufikia hata ukiwa Mngeta

Julai 27, 2023, Wakenya wengi walishindwa kuingia eCitizen, jukwaa la serikali la kuombea pasipoti na leseni. Wengine walikwama hata kwenye M-Pesa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya hivyo, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Hakuna risasi iliyopigwa, lakini raia wa kawaida ndiye aliyeumia.

Walifanyaje?

Hawakuhitaji kuvunja kufuli. Chukulia mashine ya kukoboa mpunga pale Mngeta, bonde la Kilombero. Watu elfu moja wasio na hata debe moja wakijazana mlangoni, wewe mwenye magunia hupiti. Mashine ni nzima, mpunga upo, ila huduma hakuna. Ndivyo seva inavyozidiwa na maombi feki yanayotumwa kwa mkupuo.

Serikali ya Kenya ilisema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, wakidaiwa kuendesha kundi hilo.

Na ndani ya nchi?

Huko mbinu inaweza kuwa nyingine: kuiba mdomo wa mwenye mamlaka. Mei 20, 2025, akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X ilidukuliwa. Zikawekwa picha za ngono na uongo kwamba Rais Samia amefariki. Polisi wakakanusha. Siku hiyohiyo X ikaanza kugoma kufunguka nchini, na baadaye serikali ikasema imeufungia mtandao huo kwa sababu ya maudhui ya ngono.

Akaunti ya polisi ni moja. Waliokosa mtandao ni wengi.

Inakuhusu vipi?

Mkulima wa Mngeta akiuza mpunga na kulipwa kwa simu, mtandao ukikata siku hiyo, hela anaiona kwenye meseji tu. Na habari ya uongo ikitoka kwenye akaunti rasmi, inafika kwenye grupu la kijiji kabla ya kukanushwa.

Ufanye nini?

- Weka akiba kidogo ya pesa taslimu, hasa msimu wa mavuno.
- Habari nzito usiisambaze kwa kuona jina la taasisi tu. Sikiliza kwanza redio au chanzo kingine.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na namba ya siri usimpe mtu yeyote.

Ugomvi wao huwezi kuuzuia. Kuusambazia uongo wao, hilo unaweza kukataa.