Uhifadhi wa dioksidi ya kaboni chini ya ardhi

Uhifadhi wa dioksidi ya kaboni chini ya ardhi ni njia ya kuzuia gesi hiyo (inayoitwa pia hewa ukaa) isiingie angani, kwa kuisukuma ndani ya miamba iliyoko mbali chini ya uso wa ardhi. Lengo lake ni kupunguza kasi ya ongezeko la joto duniani. Maswali makuu ni mawili: miamba inaweza kupokea gesi kiasi gani, na kazi hiyo inagharimu kiasi gani.

Nchini Tanzania mahali panaposaidia kuelewa jambo hili ni Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Huko kinachofanyika ni kinyume chake: gesi iliyomo ardhini huchimbwa na kuuzwa.

Gesi ya Rungwe

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya wilaya, uko katika eneo la volkeno ambako matawi ya Bonde la Ufa hukutana. Volkeno kubwa za eneo hilo ni Rungwe, Ngozi yenye ziwa ndani ya kasoko yake, na Kyejo (pia: Kiejo) iliyolipuka mara ya mwisho mnamo mwaka 1800 hivi. Magma iliyoko chini hutoa dioksidi ya kaboni inayopanda kupitia nyufa za miamba. Sehemu yake huyeyuka katika maji ya ardhini, nyingine hutoka kwenye chemchemi na matundu.

Kampuni ya TOL Gases yenye makao yake Dar es Salaam huvuna gesi hiyo kwa visima katika kijiji cha Ikama. Gesi husafishwa, kisha hugeuzwa kuwa kiowevu kwa kanieneo na baridi. Hutumika katika soda, bia na vizima moto. Nchini Kenya kampuni ya Carbacid huvuna gesi ya namna hiyo huko Kereita, Kaunti ya Kiambu.

Uwezo wa miamba

Katika hewa ya kawaida tani 1 ya dioksidi ya kaboni hujaza takriban mita za ujazo 550. Ikisukumwa hadi kina cha mita 800 au zaidi, kanieneo huifanya iwe nzito karibu kama kiowevu, na tani hiyohiyo huweza kuenea katika mita za ujazo 1.5 hivi. Ndiyo sababu gesi haihifadhiwi karibu na uso wa ardhi. Gesi haikai katika pango tupu, bali katika vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yanavyokaa ndani ya mchanga. Juu yake unahitajika mwamba mwingine usiopitisha gesi, ambao huwa kama kifuniko.

Mwaka 2005 jopo la kimataifa la tabianchi (IPCC) lilikadiria kwamba yaelekea miamba ya dunia ina nafasi ya angalau tani bilioni 2,000. Matumizi ya makaa ya mawe, mafuta na gesi pamoja na utengenezaji wa saruji hutoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka. Kwa hiyo nafasi hiyo ingetosha kwa zaidi ya miaka 50.

Tatizo kubwa zaidi ni kasi. Mradi wa Sleipner nchini Norwei, ulioanza mwaka 1996 chini ya Bahari ya Kaskazini, ulizika takriban tani milioni 1 kwa mwaka. Ili kuzika hewa ukaa yote ya mwaka mmoja ingehitajika miradi 37,000 ya ukubwa huo.

Gharama

Gharama zina sehemu tatu: kukamata gesi, kuisafirisha, na kuizika pamoja na kuikagua. Kadiri ya ripoti hiyo ya 2005, kuzika tani 1 kuligharimu kati ya dola za Marekani 0.5 na 8, wakati kuikamata kwenye kituo cha umeme kuligharimu kati ya dola 15 na 75. Basi sehemu iliyo ghali kwa kawaida si shimo, bali ni kuitenga gesi na moshi. Kuikamata kutoka hewa ya kawaida ni ghali zaidi, kwa kuwa humo imechanganyika na hewa nyingine nyingi mno.

Je, Rungwe ingefaa?

Gesi ya Rungwe inafundisha mambo mawili. Kwanza, gesi nyingi inaweza kuwepo ndani ya miamba. Pili, palipo na nyufa hai gesi hupanda tena. Zaidi ya hayo, ardhi yenye joto la volkeno huifanya gesi itanuke, hivyo mwamba hupokea tani chache zaidi.

Kuna njia nyingine inayotumia mawe ya basalti, ambayo yapo pia Rungwe. Nchini Iceland mradi wa Carbfix huyeyusha gesi katika maji na kuyaingiza ndani ya basalti. Katika jaribio lililoanza mwaka 2012, zaidi ya asilimia 95 ya gesi iligeuka kuwa madini ya mawe katika muda usiofika miaka miwili. Gesi iliyogeuka jiwe haivuji. Lakini kila tani 1 ya gesi huhitaji takriban tani 25 za maji. Rungwe ina mvua nyingi, ila chemchemi na mito yake ndiyo inayotegemewa na wakazi na mashamba ya migomba na chai.

Hatari

Dioksidi ya kaboni ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Haina rangi wala harufu, nayo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Karibu na Goma, Kongo, mahali pa namna hiyo huitwa mazuku, na watu na wanyama wamekufa humo. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi iliyotoka ghafla katika Ziwa Nyos, Kamerun, iliua watu wapatao 1,700. Hiyo ilikuwa gesi ya volkeno, haikuzikwa na watu. Hata hivyo inaonyesha kwa nini ukaguzi wa miaka mingi ni lazima uhesabiwe katika gharama tangu mwanzo.