Je, Wajua? Kwaki Haipimwi kwa Mizani
Protoni ina kwaki tatu, lakini ukijumlisha tungamo la hizo tatu unapata takriban asilimia 1 tu ya tungamo la protoni yenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na nishati ya nguvu kali inayozifunga pamoja.

Kwaki haijawahi kuonekana ikiwa peke yake. Ukijaribu kuichomoa, nishati unayotumia huzaa kwaki nyingine papo hapo. Basi tungamo lake hujulikanaje? Kwa njia aliyoianzisha Kenneth Wilson mwaka 1974, nafasi na wakati hugawanywa kama matundu ya wavu, kisha kompyuta zenye uwezo mkubwa hukokotoa tungamo la chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama pioni na kaoni. Tungamo la kwaki hurekebishwa kidogo kidogo hadi jibu lilingane na lile lililopimwa maabara. Ni kazi ya subira, na inastahili heshima.

Nguvu kali yenyewe ni ya ajabu: hulegea kadiri kwaki zinavyokaribiana. Ugunduzi huo wa 1973 uliwapatia David Gross, Frank Wilczek na David Politzer Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Katika nishati inayolingana na tungamo la chembe iitwayo Z, ukali wa nguvu hiyo ni takriban 0.118, namba isiyo na kizio.