Lishe ya mifupa uzeeni (2): Dagaa wapewe heshima yao

Wiki iliyopita tulieleza kuwa mfupa si gogo kavu; ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Hadi umri wa miaka 30 hivi, ujenzi huushinda ubomoaji. Kisha mizani hugeuka, na kwa mwanamke huinama kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikizuia ubomoaji imepungua. Leo tuingie jikoni.

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki huendesha moyo, misuli na neva. Ikipungua, mwili haungoji mlo ujao: huichota mfupani.

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi hutoa kama 300. Zilizobaki zitoke wapi?

Hapa nawatetea dagaa. Wengi huwaona kitoweo cha wasio na uwezo, na mzee akitembelewa hupelekewa nyama. Nyama ina protini nzuri, na mfupa unaihitaji sana, lakini kalsiamu yake ni haba mno. Samaki mkubwa tunakula minofu, miiba tunamwachia paka. Dagaa huliwa na mifupa yao. Mzee hana meno? Waoshe mchanga utoke, wakaushe, wasage, kisha mtilie kijiko cha unga huo kwenye mchuzi au uji. Waliotiwa chumvi waroweke kwanza, maana chumvi nyingi huongeza kalsiamu inayopotea kwa mkojo.

Kwenye mboga za majani tunajidanganya kidogo. Mchicha una kalsiamu nyingi, ila oksalati iliyomo huifunga, utumbo ukainyonya kwa shida. Sukuma wiki haina kikwazo hicho. Mchicha usiuache, una faida nyingine. Usiutegemee tu kwa mifupa.

Na yote haya yanahitaji vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Ngozi ya mzee huitengeneza kwa uchache, naye ndiye tunayemfungia ndani.

Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kabla ya kubadili mlo. Wengine, jioni hii, kabla hujampelekea mama uji mweupe na chai ya rangi, mtilie dagaa, na kesho asubuhi mtolee kiti uani.