Besi ya kwaya: itabebwa na nini, itasikika kwa umeme gani?



Mzunguko wa akiba unapofika mwisho na kisanduku kufunguliwa mbele ya wote, mahitaji huwa mengi kuliko pesa. Kuna karo za shule, mbegu, mabati, dawa. Katikati ya hayo huja pia ombi la kwaya: «Mama, mtusaidie tupate besi.» Ni ombi zuri. Sauti nzito ya chini ndiyo inayoshika wimbo kama nguzo inavyoshika nyumba. Ikikosekana, sauti nyingine zinaelea.

Lakini bei ya besi inayotajwa dukani Goma ni ya ala peke yake. Ndani yake hakuna safari ya kupanda hadi Ngungu, hakuna bafle, hakuna batri, hakuna mfuko wa kuikinga na mvua. Kikundi kikilipa ala tu, kinaweza kubaki na kitu kizuri kisichosikika na mtu yeyote. Ndiyo maana juma hili nawaomba mgeuze maswali. Kabla ya kuuliza bei, ulizeni besi itabebwa na nini na itasikika kwa umeme gani. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayowaambia ni besi ipi inafaa kwetu.

Besi tatu, mizigo mitatu

Ya kwanza ni kontrabasi, ile kubwa ya mbao inayosimama kuliko mpigaji wake. Urefu wake ni karibu sentimita 180 na uzito wake ni karibu kilo 10. Tumbo lake liko wazi ndani, na mbao zake ni nyembamba. Katika nchi yetu inajulikana hasa kwa Orkestra Simfoniki ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Walianza na ala chache, wakipokezana. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki za baiskeli. Mwanamuziki wao mmoja, Albert Matubanza, alijifunza kuunda ala za nyuzi kwa kuchunguza jinsi ala iliyokuwepo ilivyotengenezwa. Kule Zanzibar pia, vikundi vya taarabu kama Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, vimeizoea kontrabasi kwa miaka mingi.

Ya pili ni gitari ya besi, ambayo kwaya zetu nyingi zinaifahamu. Ina urefu wa karibu sentimita 115 na uzito wa karibu kilo 4. Nyuzi zake nne hufungwa kwa sauti zilezile za kontrabasi. Tofauti ni kwamba mbao yake kwa kawaida haina tumbo. Bila umeme, anayeisikia ni mpigaji mwenyewe na labda jirani yake kwenye benchi.

Ya tatu haiuzwi dukani. Huko Zanzibar, wapigaji wa kidumbak hutumia sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja. Mpigaji huvuta fimbo ili kukaza au kulegeza uzi, na sauti inapanda au kushuka. Wanaiita sanduku tu. Fundi wa mbao anaweza kuiunda, haitaki umeme, na ikivunjika haivunji mtu moyo. Kwa watoto wanaoanza kujifunza, ni mwalimu mzuri wa sikio.

Safari ya kupanda

Barabara zetu mnazijua: matope wakati wa mvua, mawe wakati wa jua, na kupanda kila wakati. Ala ya mbao ina maadui watatu njiani, yaani maji, kugongwa, na kubadilika haraka kwa joto na baridi.

Gitari ya besi inaweza kupanda pikipiki. Abiria aivae mgongoni ndani ya mfuko wenye sponji, shingo ya gitari ikielekea juu. Isifungwe kwa kulala nyuma ya kiti, maana itatokeza pande zote mbili na gari la kwanza mtakalopishana nalo linaweza kuivunja shingo. Mfuko ukiwa wa kitambaa chepesi, fundi cherehani anaweza kuushonea tabaka la sponji ya godoro kwa ndani na plastiki nene kwa nje. Kazi hiyo ni ndogo, nayo inalinda ala ya bei kubwa.

Kontrabasi haipandi pikipiki, hata dereva akiapa kwamba anaweza. Mahali pake ni ndani ya gari au juu ya lori. Ikiwa parokia au wageni wanataka kuwapa kontrabasi kama zawadi, ombeni pia mfuko wake wenye sponji nene. Sanduku gumu linalinda zaidi, lakini lenyewe ni zito kuliko ala, na mkilipokea mtahitaji watu wawili au watatu kila mara. Ndani ya lori, ilazwe kwa ubavu. Isilazwe kifudifudi, kwa sababu kuna kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, kinachoitwa daraja, na kipande hicho hakikubandikwa kwa gundi. Kinasimama kwa nguvu ya nyuzi tu. Ndani ya tumbo kuna kiguzo kidogo kinachosimama vilevile kwa kubanwa. Kwa hiyo msilegeze nyuzi zote kwa pamoja: kiguzo kinaweza kuanguka, na kukirudisha kunahitaji fundi mwenye chombo chake. Chuma cha chini kinachosimamisha ala kirudishwe ndani kabla ya kuondoka. Na magunia ya viazi yawe chini au pembeni, yasiwe juu yake hata kwa dakika moja.

Chukudu yetu nayo isidharauliwe. Inabeba mizigo ambayo pikipiki haiwezi, na bafle mbili zilizofungwa vizuri zinatulia juu yake. Wekeni godoro kuukuu chini, fungeni kwa kamba za mpira, na funikeni kwa plastiki isiyopitisha maji. Kumbukeni tu kwamba kwenye mlima mrefu chukudu inasukumwa na watu. Basi hesabuni malipo na chakula cha hao vijana ndani ya gharama.

Sisi wa Masisi tunajua pia safari nyingine, ile isiyopangwa. Siku watu wanapohama ghafla, mama hawezi kuwekwa mahali pa kuchagua kati ya mtoto na bafle. Semeni mapema, mkiwa na amani: vyombo vitabaki, au kijana fulani atachukua gitari peke yake, na hakuna atakayelaumiwa kwa kilichobaki. Kwa sababu hiyo pia, ala ambayo mtu mmoja anaweza kuivaa mgongoni ina faida kubwa kwetu kuliko ile inayohitaji lori.

Kwa nini besi inakula umeme

Uzi wa chini kabisa wa besi hutikisika karibu mara 41 kwa sekunde. Ili sauti nzito namna hiyo ifike nyuma ya kanisa, bafle inapaswa kusukuma hewa nyingi. Kispika kidogo cha redio hakiwezi. Kitatoa mlio wa kukwaruza, na mkiongeza nguvu kitapasuka. Tafuteni bafle yenye mdomo wa inchi 12 au 15. Yenye mdomo wa inchi 10 inaweza kutosha kwa mazoezi katika chumba kidogo.

Muuzaji atawaonyesha namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele ya ampli. Msiiamini bila kuuliza. Namba kubwa mara nyingi ni ya nguvu ya ghafla, ya nukta moja. Ulizeni nguvu ya kudumu, ambayo kwenye karatasi ya chombo huandikwa RMS. Kisha ombeni kusikia ala na bafle zikipigwa pamoja hapohapo, kwa sauti mtakayotumia kanisani, kwa dakika 10. Akikataa, nendeni duka la pili.

Gitari ya besi huchomekwa moja kwa moja. Kontrabasi inasikika bila umeme ndani ya chumba, lakini mbele ya ngoma na kwaya ya watu 30 itafunikwa. Kuna njia mbili za kuisaidia. Ya kwanza ni kubandika kinasa-sauti kidogo kwenye daraja. Hicho kinahitaji kichombo cha katikati, kinachoitwa priampli, kabla ya kufika kwenye bafle, la sivyo sauti inakuwa nyembamba kama ya bati. Ya pili ni kuvingirisha mikrofoni ndani ya sponji na kuibana chini ya daraja. Kwa njia zote mbili kuna hatari ya kuvuma: tumbo la ala linapokea sauti ya bafle na kuirudisha, mpaka kanisa lote linaziba masikio. Dawa yake ya kwanza haina bei. Bafle iwekwe mbele ya mpigaji, ikiwatazama watu, wala isimtazame yeye. Dawa ya pili ni kupunguza kitufe cha sauti za chini kabisa.

Na neno moja la mama kwa mama: watoto wachanga wasikae mbele ya bafle. Ikiwa inabidi upige kelele ili jirani aliye umbali wa mkono akusikie, sauti hiyo ni kubwa mno kwa sikio la mtoto. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayarudi.

Hesabu ya batri

Tufanye hesabu kama darasani. Batri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 ina wati-saa 1200. Ili idumu, tumieni nusu tu, yaani wati-saa 600. Ampli ikila wati 100, mnapata saa 6 kwenye karatasi. Lakini konvertisere, ile mashine inayogeuza umeme wa batri, nayo inakula kidogo, basi hesabuni saa 5. Hiyo inatosha kwa ibada ya Jumapili na mazoezi ya siku moja. Haitoshi kwa harusi ya usiku kucha.

Paneli ya jua ya wati 100, ikipata jua zuri la saa 5, inarudisha wati-saa 500 hivi, au chini ya hapo. Siku za ukungu wetu wa milimani inarudisha kidogo sana, kwa hiyo msiahidi kupiga kila siku. Msinunue batri ya kuwashia gari kwa kazi hii: ikimalizwa mara kwa mara, inakufa mapema. Ombeni batri ya mfumo wa jua. Yenye maji ya asidi isafiri ikiwa imesimama wima, mbali na nguo, chakula na mgongo uliobeba mtoto.

Jenereta ni njia nyingine. Ikae nje, mbali na milango na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu ya kutosha kumwonya mtu. Na mafuta yake ni gharama ya kila Jumapili, sio ya mara moja.

Pesa ni ya nani?

Kisanduku cha AVEC kina kufuli tatu na wenye funguo watatu, kwa sababu pesa iliyomo ina majina ya watu. Mfuko wa msaada, ule wa ugonjwa na msiba, usiguswe kwa ajili ya muziki hata kwaya ikiimba vizuri namna gani. Kama wanachama wamekubali kuchangia besi, mchango huo uandikwe katika ukurasa wake, kiasi kisemwe kwa sauti, na mama ambaye hawezi kutoa asiaibishwe.

Andikeni pia kwamba ala ni mali ya nani, kikundi au kwaya, italala nyumba gani, na nani atalipa uzi ukikatika. Mkiikodisha kwa harusi, nani anapokea pesa hiyo? Ugomvi mwingi hauletwi na ununuzi wenyewe. Unaletwa na yale ambayo hayakusemwa siku ya kununua.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

1. Nani atapiga, na ameshajifunza kwa nani?
2. Ala itatoka Goma kwa chombo gani, na mfuko wake uko wapi?
3. Tuna bafle ya inchi ngapi, na ampli yenye nguvu gani ya kudumu?
4. Umeme utatoka wapi, na utadumu saa ngapi?
5. Jumla ya yote ni kiasi gani, pamoja na safari na waya?
6. Itatunzwa wapi pasipo na maji wala moshi wa jikoni?

Kwa maoni yangu, kwa kwaya nyingi za hapa Ngungu gitari ya besi yenye mfuko mzuri, bafle moja ya inchi 12 na batri moja ya jua ni mwanzo unaofaa. Kontrabasi ikija kama zawadi, ipokeeni kwa furaha, mkiwa na jibu la safari na la sauti. Na kama pesa haijatosha mwaka huu, fundi wa mbao yupo, na sanduku la uzi mmoja linaweza kuanza kazi kabla ya msimu wa mavuno kufika.