Kwa Nini Gesi ya Friji Haifi Upesi

Gesijoto zikitajwa, watu huuliza zinanasa joto kiasi gani. Ni nadra kuuliza zinadumu hewani muda gani, ingawa swali hilo lina uzito uleule, na mwenye kulijibu ni kemia.

Angani kuna chembe iitwayo haidroksili: oksijeni moja na haidrojeni moja. Huzaliwa pale miale ya jua inapoivunja ozoni penye mvuke wa maji, ndiyo maana anga la tropiki lina nyingi. Haimalizi hata sekunde moja. Ina uchu wa haidrojeni, na huipokonya molekuli nyingi zinazokutana nayo. Metani huanza kuvunjika kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tazama R-12, gesi ya friji za zamani. Ina kaboni, klorini na florini. Haidrojeni haina hata moja, kwa hiyo haidroksili haina pa kuishika. Hudumu miaka 100 hivi, ikipanda hadi kwenye tabaka la ozoni, ambako mionzi mikali huivunja na klorini yake ikaanza kuila ozoni. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walitahadharisha kuhusu gesi za jamii hii mwaka 1974. Itifaki ya Montreal ya kuzidhibiti ikafuata mwaka 1987. Na kwa kuwa kilo moja ya R-12 huongeza joto kuliko tani 10 za hewa ukaa, naiona itifaki hiyo kuwa imelinda tabianchi kuliko mikataba kadhaa iliyoandikwa kwa ajili ya tabianchi yenyewe.

Viwanda vikahamia R-134a, isiyo na klorini lakini yenye haidrojeni mbili. Ozoni ikasalimika nayo. Haidroksili nayo ikapata pa kushika, ila huchukua takriban miaka 14 kuimaliza, na muda wote huo gesi inanasa joto. Fundi akikata bomba la kompresa na kuachia gramu 100 tu, ni mlio mfupi na hakuna harufu ya kumshtua mtu. Lakini kwa hesabu ya miaka 100, joto lake ni sawa na la zaidi ya kilo 130 za hewa ukaa.

Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kundi la R-134a hatua kwa hatua, na makubaliano yakaanza kutumika mwaka 2019. Friji nyingi mpya zina R-600a, yenye haidrojeni kumi, ambayo haidroksili huimaliza kwa siku chache. Kasoro yake ni kwamba inawaka moto, kwa hiyo si ya kuchomelea kiholela.

Mwenye friji, soma lebo iliyo nyuma yake kabla ya matengenezo. Ukikuta R-134a, tafuta fundi mwenye mashine ya kuivutia gesi mtungini, hata akidai zaidi kidogo.